Bagira Inalala Vizuri

Mkono wa kushoto wa mama mkwe wangu haunyanyuki tena. Ukimpa kikombe anakipokea kwa mkono wa kulia, na ule mwingine unabaki juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika. Mume wangu alikuwa anasema mama yake alijitakia mwenyewe, kwa kichwa kigumu. Kwa miezi mingi nilimwacha aseme hivyo. Yeye alikuwa hajui, mimi nilikuwa najua. Naandika hapa namna ilivyokuwa. Sitaki mtu anihurumie. Nina hasira ya kutosha, na huruma itaichokoza tu.

Kazi ilinikuta na mtoto wa pili mgongoni, wa miezi minne. Kijana mmoja alikuwa amerudi kutoka masomo ya ng'ambo, akafungua ofisi kule Nguba, mtaa wa Bukavu ulio karibu na ziwa, katika nyumba yenye geti na maua. Alileta bangili nyeusi za mpira. Ukiivaa unapolala, inahesabu mapigo ya moyo, inafuata pumzi, inajua umegeuka mara ngapi. Asubuhi mtu wa kampuni anakuja na telefone, anaisogeza karibu na bangili, na telefone inatoa rangi: kijani kama umelala vizuri, njano kama umelala hivi hivi, nyekundu kama mwili ulikuwa na shida. Nyekundu ikitoka siku tatu mfululizo, mtu wa kampuni anaandika karatasi na kumsindikiza mwenye bangili mpaka kituo cha afya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Kijana huyo tulimwita Patron, yaani bosi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa anatafuta wanawake, na alijua kwa nini. Mwanaume hawezi kuingia kwa watu asubuhi, hawajanawa hata uso, na kuuliza mama wa nyumba amelala namna gani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaweza. Anabisha, anakaribishwa, anapewa kiti, mtoto wake anashikwashikwa mashavu. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na diploma yangu ilikuwa imelala miaka chini ya godoro ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipopewa ile telefone ya kazi nilijiona mtu. Nilitembea mtaa wetu wote wa Bagira nikiwa nimeishika mkononi, siiweki mfukoni, watu waone.

Kwenye ile telefone kulikuwa na kitufe kimeandikwa Rekebisha. Kiliwekwa kwa sababu nzuri. Bangili zilikuwa zinasafiri. Mtoto mchanga aliinyonya mpaka asubuhi. Mama mmoja alimvalisha mume wake, apate kujua kama kweli analala anaposema amechoka. Siku kama hiyo unabonyeza Rekebisha, unaandika “bangili ilisogea”, na unaweka rangi unayoona inafaa. Patron alituonyesha mara moja tu, haraka haraka, kama mtu anayeonyesha wageni choo kiko wapi.

Sasa, kuna jambo ambalo Patron alilisahau alipokuwa ng'ambo, ama alilijua akajifanya hajui. Kwetu, ukiulizwa asubuhi umelala namna gani, jibu ni moja. Umelala bien, yaani vizuri. Mgeni akisema amelala vibaya, amemtukana mwenye nyumba: kitanda chako kibaya, chakula chako kidogo, watoto wako makelele, ama usiku kulikuwa na ugomvi na nimeusikia. Bibi-arusi akisema amelala vibaya, ni mbaya zaidi. Usiku wangu wa kwanza kwa mume wangu sikufunga jicho, na asubuhi mama mkwe aliponiuliza nilisema nimelala bien, naye akafurahi, na hakuna mtu aliyedanganywa. Ndivyo watu wanavyokaa pamoja.

Mama mkwe wangu nilimvalisha bangili ya kwanza kabisa, kusudi jirani waone kwamba haiumi. Ni mjane, mkulima, mwanamke wa misa ya kwanza. Shamba lake la mihogo na maharagwe liko upande wa Katana, na alikuwa akienda kulima wiki, akirudi kwetu Bagira wiki. Kwetu alilala sebuleni, juu ya matela, yaani godoro, ambayo mume wangu alimnunulia kwa mshahara wake wa ualimu. Alijivunia matela ile kama watu wengine wanavyojivunia gari.

Asubuhi ya kwanza nilipiga goti karibu naye na telefone.

“Umelala, maman?”

“Nimelala bien. Na weye?”

“Nimelala bien.”

Telefone ikatoa nyekundu. Aliiona, maana hakuna kitu kinachompita.

“Iyo rangi ni ya nini?”

“Inasema haukulala muzuri, maman. Pumzi ilikuwa inakatikakatika.”

“Nani anasema? Miye nimekuambia bien.”

“Ni mashine, maman.”

“Mashine ilikuwa wapi wakati miye nilikuwa nalala?”

“Ku mukono yako.”

Aliiangalia ile bangili kama mtu aliyegundua mpelelezi ndani ya shuka. “Njo iseme matela ya mutoto wangu ni mubaya? Iseme bibi yake ananinyima chakula? Andika basi. Andika, batu ba Nguba basome kama kwenu tunalala kama mbuzi.”

Hakuwa anatania. Alikwenda kuchota maji bila kuninawishia mtoto, jambo ambalo hakuwahi kuliacha. Nilibaki na telefone mkononi. Nikabonyeza Rekebisha, nikaandika “bangili ilisogea”, nikaweka kijani.

Na hapa lazima niseme wazi. Hakuniambia nigeuze. Alikasirika, basi. Kugeuza nilijifundisha mwenyewe.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Nyumba ya pili ilikuwa ya bibi-arusi wa mwezi mmoja, mama mkwe wake amesimama mlangoni na beseni anatusikiliza. Nyekundu. Nikaweka kijani. Nyumba ya tatu, baba wa nyumba alikuwa anakunywa chai akinitolea macho. Kijani. Mama mmoja mwenye pumu nilimwachia njano, kwa sababu alikuwa anakohoa mbele ya wote na hakuna aliyeweza kukataa. Watu wakaanza kunipenda. “Maman ya bangili,” waliniita, “njoo utupe vert yetu,” yaani kijani. Walikuwa wanapokea rangi kama komunyo.

Jumamosi tulikuwa na mkutano Nguba, wanawake wa kila mtaa. Wale wa Kadutu walikuwa wanalia: watu wanavua bangili, nyekundu inaleta ugomvi nyumbani, mume mmoja amemuuliza mke wake anawaza nini usiku kama halali. Nilisimama. Ningekuwa na akili ningekaa. Nilisema, “Mabibi, munajitesa ya nini? Mutu akikuambia bien, ni bien. Bonyeza Rekebisha, endelea na safari.” Walicheka, wakanipigia makofi, mmoja akapiga vigelegele. Patron alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Alisikia kila neno. Alinyanyua kikombe kidogo, akasema, “Maman wa Bagira, miye sikusikia kitu,” akatabasamu na kuondoka. Tabasamu lile ninalo mpaka leo, limenikaa kama mfupa wa samaki.

Kuanzia pale kampuni ilipanda. Bukavu yote ikawa kijani. Ofisi iliongezwa vyumba, kibao kipya kikawekwa getini, tukapewa fulana zenye mwezi mweupe kifuani. Wageni wenye kutoa msaada walianza kuja na jeep, wanaangalia ramani ukutani na kushangaa. Mji wenye vita milimani, wenye umeme wa kukatika, wenye kina mama wanaoamka kabla ya jogoo, na watu wake wanalala hivi! Patron aliwaeleza kwamba bangili zinafundisha watu kulala. Alisema, “Angalieni Bagira. Bagira inalala vizuri.” Halafu akaniita niinuke, na nikainuka.

Wakaamua kufanya sherehe. Mimi ndiye niliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wanawake. Nilishonesha kitenge. Nilijifunza maneno yangu mbele ya kioo mpaka mtoto wangu mkubwa akayajua.

Wiki ile ile ya sherehe, asubuhi, mama mkwe wangu alinishika mkono kabla sijasogeza telefone. Tulikuwa wawili tu. Hakuniangalia.

“Mutoto wangu,” aliniambia, na si kawaida yake kuniita hivyo, “kuna kitu kinanikalia hapa, ku kifua. Nikilala, ni kama mutu ananifunika na mukono. Asubuhi kichwa inaniuma. Iyo mashine yako inasema nini?”

Fikirini alivyojishusha. Mwanamke huyu, ndani ya nyumba ya mtoto wake, akakubali kusema kwamba halali. Nilikuwa nimesikia mwenyewe namna anavyokoroma, halafu kimya, kimya kirefu, halafu anavuta pumzi kama mtu anayetoka chini ya maji. Telefone ilikuwa nyekundu. Ilikuwa nyekundu karibu kila asubuhi tangu ile ya kwanza. Kama ningemwambia, angeuliza, na jana? Na juzi? Ningeandika karatasi ya kituo cha afya, na Patron angeuliza inakuwaje nyumba yangu mimi, msemaji wa sherehe, ndiyo yenye nyekundu. Yote hayo niliyawaza kwa muda wa kupepesa jicho.

“Vert, maman,” nilimwambia. “Unalala bien. Labda ni baridi.”

“Ah,” akasema. “Basi, aksanti.” Akaachia mkono wangu.

Kwenye sherehe alikaa kiti cha mbele na Fanta yake. Niliposema kwamba hata mama mkwe wangu sasa analala kama mtoto, watu walimgeukia, naye akapiga makofi. Alipiga kwa mikono yote miwili.

Alianguka siku chache baadaye, shambani, upande wa Katana, jembe bado liko kwenye udongo. Watu wa shamba la jirani walimbeba mpaka hospitali. Mume wangu na mimi tulifika mchana, mtoto mgongoni. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, na ile bangili ilikuwa bado mkononi, haina hata mkwaruzo.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole, na upole wake ulinitisha. Siku ya pili, baada ya kumwangalia usiku mzima, alikuja kwetu akaigusa bangili kwa kidole.

“Iyi kitu nani anaisoma?”

Mume wangu alinionyesha kwa kidevu, na bado alikuwa anajivuna kidogo. “Ni bibi yangu. Ndiyo kazi yake.”

“Ilikuwa inatoa rangi gani?”

“Vert,” nikasema.

Alivua miwani yake. Halafu akasema polepole, kama mwalimu ambaye hataki kumwaibisha mwanafunzi, “Huyu maman pumzi inamukatika usiku kila wakati. Tension, presha ya damu, iko juu sana, na haikuanza jana. Labda tungempata mapema angekunywa dawa na angekuwa bado analima. Sema labda. Lakini kifaa chenye hakioni kitu kama hiki, mukitupe mu ziwa. Ama kuna mutu alikuwa anageuza.”

Mume wangu akanigeukia. Si kwa hasira, bado. Alikuwa anangoja nicheke, nikatae, niseme daktari amekosea.  Na hapo mama mkwe wangu, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka kitandani kwake, kila neno analitafuta:

“Ni miye. Nilimukataza. Nilimuambia akiandika rouge, ile nyekundu... atarudi kwabo.”

“Maman!” mume wangu alisema. “Weye? Ulimutisha bibi yangu ju ya matela?”

“Ni miye,” alirudia, akafumba macho.

Watu wanafikiri kosa langu ni kunyamaza. Sikunyamaza. Mume wangu aliniuliza, “Ni kweli?” na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Niliona jicho la mama mkwe, lile zima, likifunguka kidogo na kuniangalia, halafu likajifunga tena. Alikuwa anajua. Alikuwa amejua kila kitu tangu daktari aguse bangili, pengine tangu asubuhi ile aliponishika mkono.

Kampuni haikumaliza miezi miwili. Daktari aliandika barua. Wageni wakaleta fundi wao, akafungua mashine, kumbe bangili huwa inajiwekea rangi yake ya kweli chini ya ile tunayoigeuza sisi. Asubuhi zilizorekebishwa zilikuwa nyingi kuliko zilizoachwa. Kila mtaa. Wanawake wote walikuwa wamefuata fundisho langu.

Patron alituita mara ya mwisho. Hakuwa na kikombe. “Mumeniua mukiwa munanisalimia,” alisema.

Nilikuwa na mtoto kwenye titi, na sikujali. “Patron, ulikuwa pale ku mulango. Ulisikia.”

“Nilisikia nini?”

“Ulisema haukusikia kitu. Mutu mwenye hajasikia hasemi vile.”

“Maman, uko na ushahidi?”

Niliwageukia wenzangu, wale waliopiga makofi na yule wa vigelegele. Wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Tuliweka bangili kwenye katoni moja ya sabuni, tukatoka. Sasa kwenye ile nyumba wanakodisha magauni ya arusi. Yeye, nasikia, anaalikwa kwenye mikutano ya vijana kueleza namna kuanguka kulivyomfundisha. Mama mkwe wangu naye alianguka. Hakuna aliyemwalika. Nikilifikiria hilo natamani kushuka Nguba kuvunja kitu, halafu nakumbuka kwamba kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na hasira haina pa kwenda, inarudi nyumbani kwangu na kukaa.

Tulimleta Bagira. Mume wangu si mtu mbaya, alimbeba mama yake mwenyewe kutoka barabarani mpaka ndani. Lakini uchungu wake aliugeuza kuwa mzaha. Kila mgeni aliyekuja kumsalimia mgonjwa alielezwa: maman alikataa rouge, maman alimtisha bibi yangu, mnaona sasa kichwa nguvu kinavyozaa. Mama mkwe alikuwa pale pale, anasikia yote. Alikuwa anameza ile aibu kijiko kwa kijiko, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha.

Jumapili moja baada ya misa walikuja ndugu wawili wa mume wangu na wake zao. Niliandaa bugali, sombe ya majani ya mihogo, na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Tulikuwa tunakula vizuri. Ndipo mume wangu akaanza tena.

“Mama yetu huyu,” alisema, “alitisha bibi yangu mpaka hata mashine ikamuogopa.”

Ndugu zake walicheka. Mdogo wao akaongeza, “Sasa mashine imeenda, yeye njo amebaki rouge,” na wakacheka zaidi. Mama mkwe akacheka pamoja nao kwa nusu ya mdomo, na sombe ikamtiririka kidevuni. Aliye karibu naye akaipangusa.

Niliweka sahani chini.

“Hakunikataza,” nilisema.

“Nini?”

“Maman hakunikataza kitu. Niligeuza miye mwenyewe. Aliniuliza rangi, akaniambia kifua kinamuuma, nikamudanganya.”

Mume wangu alitafuna kile kilichokuwa mdomoni, akameza. “Rudilia.”

Nilirudilia, yote, na sherehe na Fanta. Nilipomaliza aliinuka, akachukua koti lake, akatoka. Ndugu zake wakamfuata, mmoja mmoja, na wake zao wakajifanya wana vyombo vya kuosha nje. Tukabaki wawili.

Nilidhani atalia, ama atanipa mkono. Nilikuwa hata nimejitayarisha kupiga magoti.

“Nani alikuuliza?” alisema mama mkwe wangu.

“Maman, sikuweza tena kusikia vile...”

“Nani alikuuliza, weye? Nilikupa kitu. Nilikupa mbele ya mutoto wangu, na mudomo wangu huu mubovu. Leo unanirudishia mbele ya batu, mu sahani.” Alipumzika, maneno yanamchosha. “Akikufukuza, batoto benu batalelewa na nani? Na miye nani ataniosha? Ulifikiri ile? Hapana. Ulifikiri roho yako ipone.”

Nilianza kukusanya sahani. 

Mume wangu alirudi jioni. Hakunifukuza. Alimpigia mama yake magoti, akaambiwa ainuke, suruali ni ya kazini. Mimi ananisemesha kupitia mtoto mkubwa: mwambie mama yako chumvi imekwisha. Hilo naweza kulibeba, nilijua litakuja.

Mama mkwe ndiye asiyenisemesha kabisa. Kila asubuhi naingia na beseni la maji ya moto. Ananiachia mwili wake niuoshe, na uso anaugeuzia ukuta mpaka nimalize. Ile ya bangili alinisamehe pale pale hospitalini, kabla sijamwomba. Hii ya Jumapili bado. Na siwezi kumwomba msamaha kwa hilo, kwa sababu angeniuliza kama najuta kusema ukweli, na ningelazimika kumdanganya tena.